Koti la Batt Cotter

Tangu jana yake jioni Nonie Scannell alikuwa amekatazwa kumkama yule ng'ombe mwekundu, na sasa mnyama alisimama uani miguu ya nyuma ameitanua, kiwele kimejaa mpaka chuchu zinadondosha zenyewe. Alikuwa analia. Haukuwa mlio wa njaa. Ulikuwa ule mlio wa chinichini ambao mkamaji yeyote anaujua, na Nonie alikuwa mkamaji wa nyumba ile tangu alipopata nguvu za kubeba ndoo.

"Mama, nimpunguze kidogo," alisema. "Kikombe kimoja tu."

"Hata tone," alijibu mama yake, Abina. "Mzee wa watu anakuja kuona ng'ombe wa maziwa. Ukishamkama ataona nini? Ngozi?"

Hila hiyo ni ya mnadani, na mnada huwa ni shughuli ya asubuhi moja. Batt Cotter alikuwa ametuma salamu kwamba atafika mapema. Kisha mvua ikanyesha, na Batt hakuwa mtu wa kulowa kwa ajili ya shamba la mwenzake. Alikuja alasiri.

Alikuja kukanyaga ardhi. Yeye ana binti, Lil. Abina ana mwana, Tade, miaka arobaini na mitatu, mtu mpole, ambaye kila Jumapili ya kwanza ya Kwaresima vijana wa parokia humchora mgongo kwa chaki pale mlangoni mwa kanisa, kama wanavyowachora makapera wote waliopitwa na msimu. Kwetu huku mali humfuata bibi harusi, haimtangulii. Baba wa binti ndiye anayetoa, na kwa kuwa ndiye anayetoa, ana haki ya kulikanyaga shamba kila pembe kabla mkono haujaingia mfukoni.

Na pauni ambazo Lil angekuja nazo zisingelala Coomduff, kwa akina Scannell, hata usiku mmoja. Zingeingia kwa mlango wa mbele na kutokea wa nyuma pamoja na Nonie, kwenda kwa akina Horan, ambako Dinny Horan alikuwa anamngoja, au tuseme mama yake Dinny alikuwa anazingoja. Akishaolewa Nonie, pesa ile ile ingemwoza dada yake Dinny, na huko ilikokwenda kulikuwa na msichana mwingine tayari. Ilizunguka parokia nzima hivyo, nyumba hadi nyumba, na hakuna aliyewahi kuila. Ila Kwaresima haifungwi ndoa, na Kwaresima ilikuwa inaanza Jumatano ijayo. Nonie alikuwa na miaka thelathini na mbili. Mama Dinny alikuwa ameshasema, kwa upole kabisa, kwamba msichana anampenda, lakini msimu mwingine hatangoja.

Ndiyo maana Nonie hakumkama ng'ombe.

Batt aliingia na koti lake la kanisani, jeusi, zito, lililoshonwa na fundi wa mjini. Nyuma yake alikuwa mshenga, Mossie Lyne, mwenye pua nyekundu na maneno laini kuliko siagi. Walishuka mpaka shamba la bondeni. Batt alikita kisigino ardhini na maji yakapanda juu ya kiatu.

"Hapa pana maji," alisema.

"Mvua tu hiyo, Bwana Cotter," alisema Mossie. "Juzi palikuwa pakavu, ungeweza kutandika shuka."

"Juzi ipi?"

"Juzi ile ya nyuma."

Ndani ya nyumba Batt alifungua kabati, akatoa sahani, akaigeuza kutazama kama ina ufa, akairudisha. Akauliza mama huyu atalala wapi. Mossie akamjibu kwamba atabaki na chumba cha magharibi, na kiti chake pale motoni, na kupelekwa Misa kila Jumapili. Akavitaja vyote huku Abina amekaa papo hapo kwenye kiti hicho hicho, mikono mapajani, kana kwamba yuko Marekani.

"Na huyu?" Batt alimwonyesha Nonie kwa kiko.

"Huyu anaondoka."

"Lini?"

"Siku hiyo hiyo ya harusi. Mlango mmoja wanapishana."

"Vizuri. Binti yangu hataki wifi ndani ya nyumba."

Nonie alikuwa anammiminia chai. Alimaliza kuimimina, akatia sukari, akakoroga, akamkabidhi. Hakuna aliyemwambia asante, na yeye hakutarajia.

Walipotoka uani ndipo Batt alipomwona ng'ombe mwekundu. Akasimama. Kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ulilegea.

"Sasa huyo ndiye ng'ombe," alisema. "Tangu niko kijana sijaona kiwele kama hicho."

Wote wakangoja. Mtu akisifu kitu chenye uhai, husema na Mungu akibariki. Asiposema, amekitia jicho, na hilo hata mtoto wa kitandani analijua. Mossie alikohoa. Tade alitazama viatu vyake. Abina alisogea karibu, akatabasamu, akasema, "Anakamwa vizuri, Bwana Cotter, Mungu ambariki," ili kumfungulia njia mzee wa watu apite. Lakini baraka ya mwenye mali haihesabiwi. Batt akampiga ng'ombe kofi la mgongo, akasema, "Naam, naam," akaenda zake kupanda gari lake la farasi.

Kutia saini kukapangwa Jumamosi kwa mwanasheria, na harusi zote mbili Jumanne. Gari halijafika hata barabarani, Nonie alikuwa amekwisha piga magoti na ndoo. Maziwa yalitoka mazito, na mwisho yakatoka na mabonge.

* * *

Asubuhi ng'ombe hakunyanyuka. Robo moja ya kiwele ilikuwa imevimba, nyekundu, ina moto wa kuunguza mkono, na macho yake yalikuwa yamezama.

Abina alisimama juu yake na shali ya sufu kichwani. Hakuuliza swali hata moja.

"Batt Cotter," alisema.

"Mama," alisema Nonie, "hakukamwa kutwa nzima na usiku wake."

"Nimemsikia kwa masikio yangu. Kiwele, kasema. Hakusema pembe, hakusema mkia. Kasema kiwele. Na leo kinachouma ni nini?"

"Kiwele. Kwa sababu kilijaa."

"Ng'ombe wa mnadani wote hujazwa, mbona hawafi?"

"Wa mnadani huuzwa, Mama. Wakifa wanafia kwa wenzetu."

Abina akamtazama mtazamo ule ambao mama humtazama mtoto aliyesoma sana, ingawa Nonie hakuwa amesoma sana. "Ukimaliza kunifundisha ng'ombe," alisema, "utaniambia tutafanyaje."

Daktari wa mifugo alikuwepo mjini. Lakini gari lake likionekana likipanda kilima cha Coomduff, kabla ya chai ya jioni Batt Cotter angejua kwamba ng'ombe aliyempa sifa yu taabani, na ng'ombe huyo ndiye aliyemlegeza uso. Kumwita Batt mwenyewe aje aseme lile neno lake alilolisahau ndiyo kabisa haikuwezekana. Hiyo ingekuwa kumwambia mtu mbele ya macho yake kwamba ana jicho, naye nyuma ya Lil ana mabinti wengine watatu wa kuoza. Angepanda gari lake na binti yake na pauni zake, na tusingemwona tena mpaka Siku ya Kiyama.

Ilibaki dawa moja. Kipande cha nguo ya mtia jicho, kilichokatwa bila yeye kujua, bila kuomba wala kushukuru, kichomwe chini ya pua ya mnyama avute moshi wake.

"Koti," alisema Abina. "Lile lile alilokuwa nalo."

"Langu lina tundu tayari," alisema Tade ghafla. Alikuwa ameegemea mlango wa zizi. "Ndani, kwenye bitana. Nililiona juzi. Tundu la pembe nne."

"Tuna mgonjwa hapa, wewe unazungumza bitana. Panya hao."

"Panya wa siku hizi wana rula," alisema Tade, akanyamaza, kwa kuwa ilikuwa desturi yake kunyamaza akishasema jambo la maana.

Ikaamuliwa Nonie ndiye aende. Tade hakufaa, bwana harusi haendi kwa mkwe bila mshenga, na Abina alikuwa na miguu inayouma. Nonie alitaka kucheka na alitaka kulia. Maisha yake yote yaliyobaki yalikuwa yamening'inia kwenye koti la mtu aliyeuliza ataondoka lini. Lakini kabla ya kwenda alichemsha maji, akatia chumvi, akaloweka matambara, akakikanda kile kiwele, akakikama mpaka ng'ombe akaguna kwa nafuu. Mama yake alimwona na hakumzuia. Maji ya moto hayajawahi kuharibu dawa.

* * *

Kwa akina Cotter alifika na kikapu cha mayai na swali kwamba upande wao watakuwa wageni wangapi siku ya harusi. Lil alikuwa peke yake, mikono myeupe kwa unga mpaka kwenye viwiko. Alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye sauti ya chini na macho yasiyokimbilia kitu. Baba yake alikuwa mashambani. Koti lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango.

"Kaa," alisema Lil. "Nikalete siagi."

Mara alipotoka Nonie alikuwa mlangoni na mkasi. Ulikuwa mkasi wa kukatia nyuzi, na kitambaa cha fundi wa mjini si nyuzi. Akautia kwenye pindo la nyuma, akaminya, ukatafuna bila kukata, ukakwama. Akaminya tena.

"Ukikata hapo itaonekana akipiga magoti kanisani," alisema Lil.

Alikuwa amesimama na bakuli la siagi. Nonie hakugeuka. Jambo la kwanza lililomjia, Mungu amsamehe, lilikuwa uso wa Mama Dinny.

Lil akaweka bakuli mezani, akafuta mikono kwenye aproni, akauchukua ule mkasi mkononi mwa Nonie. Akalipindua koti, akatafuta pahali ndani kabisa chini ya mfuko, akakata pembe nne safi kwa mkasi wake mwenyewe wa ushonaji. Akamkabidhi.

"Ni ng'ombe?" aliuliza.

"Ng'ombe. Yule mwekundu."

"Alimsifu?"

"Alimsifu kiwele."

"Asimbariki."

"Asimbariki."

"Baba husahau," alisema Lil. "Hata chakula anakula bila kusema neno. Sasa na mimi nikwambie, wasije wakakwambia wengine. Kaka yako alipokuja Jumapili ile na Mossie, alikuwa amelowa chepechepe. Nikamvua koti nikamkaushia motoni."

Nonie akamtazama. Akautazama ule mkasi.

"Yule panya," alisema.

"Panya ni mimi. Alikaa hapo ulipokaa. Kutwa nzima hakufungua mdomo ila kwa chakula. Wakati wa kuondoka akamwona farasi wetu jike, akasema, 'Farasi mzuri huyu.' Akapanda baiskeli akaenda. Neno moja alilolisema siku nzima, nalo akalisema vibaya. Kulipokucha farasi amelala, tumbo ngoma."

"Mlimpa nini?"

Lil alicheka kwa pua. "Shayiri. Kwa ndoo. Baba alitaka manyoya yang'ae bwana harusi anapokuja. Farasi anayekula nyasi mwaka mzima unampa karamu ya mfalme, utegemee nini? Nikamtembeza uani mpaka miguu yangu ikafa ganzi, nikamnyima chakula, hewa ikamtoka. Baba anasema ni koti."

"Wa kwetu hakukamwa," alisema Nonie. "Ili kiwele kijae. Ili baba yako akione."

Wakatazamana. Aliyeanza kucheka ni Nonie, na alipoanza hakuweza kuacha. Akakaa chini na kipande cha koti kwenye ngumi, machozi yakimtoka, na Lil akakaa mbele yake akitingishika mabega bila sauti, unga ukimwagika mezani. Walicheka kama watu waliokutwa na msiba mmoja.

"Hebu niambie," alisema Lil alipopata pumzi. "Tade ni mtu wa namna gani?"

Nonie alifikiri. Alitaka kuwa mkweli. "Hana ubaya. Hajawahi kumpiga mnyama. Ukimwambia jambo analifanya, ila umwambie mara mbili."

"Kunywa?"

"Siku ya mnada tu, na akinywa hulala."

"Basi nimepata bora kuliko walivyopata dada zake mama." Lil akaanza kuukanda tena ule unga. "Eti baba alisema mimi sitaki wifi?"

"Alisema."

"Mimi ningemtaka. Nyumba ya mama mkwe na bwana asiyesema, ningezungumza na nani? Lakini hesabu yao ndiyo hiyo. Mmoja aingie, mwingine atoke."

Nonie alikuwa mlangoni alipotaka kumwambia asante, akaona midomo ya Lil imejikunja. Dawa haishukuriwi. Akaondoka kimya.

* * *

Abina alikichoma kile kipande kwenye kaa la mboji ya kinamasi, ndiyo kuni zetu huku, akakishika kwa koleo chini ya pua ya ng'ombe huku akisema Salamu Maria kwa kasi. Sufu iliyoungua ikanuka, ng'ombe akapiga chafya, akageuza kichwa, akapiga chafya tena.

"Jicho linatoka," alisema Abina.

Nonie alirudi kwenye matambara yake. Siku ile na ya pili yake alikuwa haondoki zizini: maji ya moto, chumvi, kukama, maji ya moto, mpaka vidole vikapasuka. Mabonge yakapungua, maziwa yakawa maji, kisha yakawa maziwa. Ijumaa asubuhi ng'ombe mwekundu alisimama mwenyewe, akatoka nje, akala nyasi. Nonie akamkumbatia shingo. Alikuwa amechoka kiasi kwamba aliona kila kitu kimekwisha vizuri.

Mossie Lyne alikuja mchana kukumbusha saa ya mwanasheria. Alikaribishwa, akapewa wiski kidogo kwenye kikombe cha chai. Abina alikaa wima kwenye kiti chake.

"Kesho hakuna," alisema.

"Hakuna nini, Bi Abina?"

"Hakuna saini. Mwambie Batt Cotter tumeghairi."

Kikombe cha Mossie kilisimama nusu ya safari. Tade aliinua kichwa. Nonie, aliyekuwa anakata mkate, alikiacha kisu ndani ya mkate.

"Ng'ombe amepona, Mama," alisema.

"Ndiyo maana. Amepona kwa koti lake. Angekufa, ningesema labda ni bahati mbaya, labda ni ugonjwa. Lakini moshi wa koti lake umempandisha juu siku ya pili. Ushahidi gani tena unataka? Mzee ana jicho, na jicho linakwenda kwa damu. Niwaweke wajukuu wangu chini ya jicho hilo?"

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Ng'ombe angekufa, posa ingekufa naye. Ng'ombe amepona, posa inakufa pia. Nonie alihisi hasira ikimpanda polepole kutoka miguuni, hasira ya miaka mingi, na ilipofika mdomoni ikatoka na sauti tulivu kabisa.

"Hakuponywa na koti. Kiwele kiliumwa kwa sababu ulinikataza kumkama, na kimepona kwa sababu nimemkama. Tazama vidole vyangu."

"Nyamaza, mbele ya wageni."

"Mossie alikuwepo. Aliona chuchu zinavuja. Mossie, sema."

Mossie alichungulia ndani ya kikombe. "Mimi kazi yangu ni watu," alisema. "Ng'ombe siwajui."

"Kama ni kukama," alisema Abina, "basi koti lilikuwa la nini? Kwa nini ulikwenda kulikata?"

Hapo hakuna jibu ambalo mama yake angelisikia, na Nonie aliliona hilo wazi kama anavyoona meza. Ukweli alikuwa ameshautoa wote, na haukununua kitu. Akaketi. Akakumbuka lile tundu la pembe nne. Lil alimwambia siri, na hakumwambia asiseme.

"Sawa, Mama," alisema. "Tukatae. Ila Mossie akifikisha ujumbe aende na masikio makubwa, kwa maana akina Cotter nao wana lao. Farasi wao alianguka kulipokucha, baada ya Tade kwenda kwao. Alimsifu, hakumbariki."

"Nani kasema?"

"Lil. Ndiye aliyekata bitana ya koti lake. Wakaichoma chini ya pua ya farasi."

Tade alijishika pindo la koti. "Nilisema si panya," alisema taratibu.

"Na farasi?" aliuliza Abina. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Alisimama."

Moto ulipasuka. Abina alimgeukia mwanawe akamtazama kwa muda mrefu, uso kwa uso, kama mtu anayetazama sahani aliyokuwa akilia chakula siku zote na leo ndiyo anauona ufa wake.

"Tukivunja posa," alisema Nonie, "Batt atauliza sababu, na tukimpa yetu atatoa yake. Ikifika Pasaka hakuna ua hata mmoja kutoka hapa mpaka mjini utakaomfungulia Tade lango. Nani atampa binti?"

"Babu yake kwa baba alikuwa nalo," alisema Abina mwishowe. "Nimeishi na akina Scannell miaka yote hii, sikulisema." Akajifunga shali yake vizuri. "Basi. Mwenye jicho na mwenye jicho wakae nyumba moja, watazamane wenyewe. Kuliko kuwatawanyia majirani."

"Hiyo ndiyo busara," alisema Mossie, akamaliza kikombe.

"Na wewe, hili lisitoke nje ya mlango huu."

"Mimi? Mimi ni kaburi, Bi Abina."

Kaburi la Mossie Lyne lilikuwa na milango miwili, na yote ilifungukia baa.

* * *

Saini zikatiwa. Jumatatu Batt alizileta zile pauni, na mchana ule ule Nonie na Tade walizipeleka kwa akina Horan chini ya mvua ya mawe. Mama Dinny aliwapokea mlangoni, mwanamke mdogo, mwepesi, mwenye maneno matamu. Bahasha aliiweka nyuma ya saa bila kuifungua mbele yao, jambo lililomgusa Nonie moyoni.

"Lete koti hilo, mwanangu," alimwambia Nonie. "Umelowa. Nilitundike motoni likauke."

Walikunywa chai. Dinny alikuwa amenyoa na kujikata kidevu, akawa anatabasamu kila Nonie akimtazama. Wakati wa kutoka walipita mbele ya zizi, palikuwa na ndama mweupe. Nonie akasema, "Ndama mzuri, Mungu ambariki." Alilisema kwa sauti, akilitamka neno zima. Mama Dinny akaitikia amina.

Jumanne zilifungwa ndoa saba, padri akizikimbiza kama mtu anayeanua nguo mvua inakuja. Tade aliitikia kabla ya kuulizwa, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuonekana ana haraka. Batt Cotter alipiga magoti mbele kabisa, na pindo la koti lake lilikuwa zima. Lil aligeuza kichwa kidogo akamtazama Nonie, wakainamisha nyuso zao wote wawili, na watu wakadhani wanasali.

Ilipofika zamu yake, Nonie aliingiza mkono ndani ya koti kutafuta leso. Vidole vikapita bitana vikatokea upande wa pili.

Akalipapasa. Tundu la pembe nne, safi, chini ya mfuko.

Kwanza alifikiri ni Lil. Lakini koti hili hakulivaa kwa akina Cotter. Ndipo akaukumbuka moto wa Mama Dinny, na bahasha nyuma ya saa, na Mossie Lyne na milango yake miwili. Dada wa mwenye jicho. Jicho linakwenda kwa damu. Na alikuwa amesema Mungu ambariki. Alikumbuka wazi kwamba alisema. Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo husemwa, na yeye aliifua silaha ile kwa mkono wake mwenyewe pale motoni kwao, alipolitaja jicho la Tade, na ndiyo iliyomfungulia mlango. Aliona aibu mpaka machoni. Kisha akaona kicheko kinakuja, akakibana kwa leso mpaka padri alipomuuliza mara ya pili kama anamkubali Dinny Horan.

"Namkubali," alisema.

Hakulishona. Alilivaa hivyo hivyo kwenye gari la farasi mpaka kwa akina Horan, upepo ukipenya ubavuni. Mama Dinny alikuwa ametangulia kufika na alisimama uani kumlaki, mikono wazi, ila alisimama katikati ya lango na zizi, na nyuma yake mlango wa zizi ulikuwa umefungwa mchana kweupe.

"Karibu nyumbani, mwanangu."

"Asante, Mama. Ndama hajambo?"

"Hajambo," alisema Mama Dinny upesi. "Hajambo sasa."

Kutoka ndani ng'ombe mmoja alilia. Nonie aliinua kichwa. Aliujua mlio huo wa kiwele kilichojaa. Leo ilikuwa siku ya harusi, wageni wanakuja kuona mali ya nyumba, na kulikuwa bado na jua.

"Mama," alisema, "nani anakama hapa?"

"Nilikuwa mimi. Kuanzia kesho ni wewe."

Nonie alivua koti, akalitundika kwenye nguzo ya lango, mbele ya kila mtu, bitana ikitazama nje. Akapandisha mikono ya gauni la harusi.

"Nipe ndoo," alisema.